Pembe ya Dereva

Mimi sipendi mtu asiyejua kusema kazi imekwisha, na Selina ndiye huyo. Tunatumia chumba kimoja hapa Igoma: yeye anachora kwenye kompyuta, mimi Dorcas nabandika michoro kwenye fulana. Mashine yangu imeshapata moto, yeye bado anasogeza mstari kidogo kidogo. Jamani, huyu mtoto atanimaliza.

Mstari wa kupinda, huko kwenye kompyuta, unashikwa kwa vijiti viwili vinavyotokea kwenye nukta moja. Ukivuta cha huku, cha kule kinafuata kwa kipimo kilekile, na mkunjo unatoka sawa pande zote. Selina anaupenda usawa huo kupita kiasi, na wateja pia wanaupenda.

Kompyuta hiyo Selina alinunuliwa na baba yake, mzee Luhaga wa Bujora, ambaye ilibidi amuuze maksai wake wa kulimia, jina lake Dereva. Tangu hapo, miaka minne, mzee hajakanyaga kwetu. Alishawaambia watu kwamba kazi ya kukaa kwenye kiti si kazi. Selina alijifanya hajali, lakini lilimuuma.

Mwaka huu kikundi cha ngoma cha mzee kikaagiza fulana, naye akatuma neno: kifuani akae Dereva. Selina alichora siku tatu. Aliweka nukta utosini, akavuta kijiti cha kulia, na pembe ya kushoto ikajipinda yenyewe kama mwenzake. Hata mimi nilisifu, na mimi si mwepesi wa kusifu.

Jumamosi mzee akaja mwenyewe. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaisogelea kompyuta. Wazee wa kwetu wafugaji jioni hawahesabu ng'ombe, wanatazama pembe zikiingia zizini, na kwa pembe wanamjua kila mmoja. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ng'ombe mzuri," akasema. "Wa nani?"

Nilipandwa na hasira, nikataka kumjibu. Siku tatu za binti wa watu! Lakini Selina alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa sauti ndogo akakiri kwamba pembe ya kushoto ya Dereva ilikuwa imelala hadi karibu na jicho. Utotoni alikuwa akitundika kidumu chake cha maji hapo wakienda shamba. Alikumbuka vizuri tu. Aliisawazisha na ya kulia ili baba aone kwamba binti yake anajua kazi.

Akabonyeza kitufe, vile vijiti viwili vikaachana. Akashika cha kushoto peke yake, akakishusha. Mzee akanyoosha kidole.

"Shusha. Shusha tena. Hapo."

Akashusha kidole, akasema, "Siku namuuza sikugeuka nyuma. Ningegeuka, ningemrudisha nyumbani."

Nikazima mashine, machozi yananitoka bila aibu. Mzee Luhaga akavuta kiti changu, akakaa kando ya binti yake, na hakuinuka mpaka Dereva aliporekebishwa hadi mkiani.