Chavua ya Mgongoni

Kwa miaka thelathini na minane nilifundisha elimu ya viumbe katika shule za Tsugaru, na kila mwaka nilimchora ubaoni nyuki yuleyule, pamoja na majina ya viungo vyake vyote. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asije akadhani kwamba makosa yangu yalitokana na kukosa elimu.

Jirani yangu, Bibi Naraoka Suwa, aliteleza kwenye theluji ya kwanza ya Novemba akavunjika nyonga. Kabla ya kupelekwa hospitali alinikabidhi nyuki wake. Hawakuwa wa mzinga wala wa asali. Kila jike wa aina hiyo hujitegemea: hutafuta tete lenye uwazi, huweka donge la chavua, hutaga yai moja juu yake, hujenga ukuta wa matope, kisha huanza chumba kingine, hadi tete linapojaa akaliziba mdomo. Kizazi hicho kilianzishwa na marehemu mumewe. Bila nyuki hao, mitufaha ya bibi isingeshika matunda.

“Mwalimu,” aliniambia akiwa juu ya machela, “baridi ikikolea uyapasue matete. Watoe nyuki wakiwa ndani ya vifukofuko vyao, waoshe. Matete yenyewe choma.”

“Usiwe na wasiwasi, bibi. Mambo haya nimeyafundisha.”

“Ndiyo maana narudia. Uyapasue.”

Sikuyapasua. Yalikuwa yamefungwa vizuri kwa kamba ya majani ya mpunga, nami niliamini kwamba ni kazi ya mikono ya marehemu. Huku kwetu hata kipande cha kamba hakitupwi. Kuchoma kumbukumbu ya mtu niliona ni utovu wa adabu. Nikayapangusa vumbi, nikayapa namba kwa mwandiko mzuri, nikayahifadhi bandani.

Katikati ya Aprili nyuki walianza kutoka, migongo yao ikiwa imejaa unga wa rangi ya kahawia. Nilifurahi mno. Daftarini niliandika: “Wenye bidii. Wamesheheni chavua tangu siku ya kwanza.” Baadhi yao walishindwa kuruka, wakaanguka chini. Hao niliwaandika: “Mizigo mizito.”

Siku ya nne bibi alirudi, akitembelea mkongojo. Nilimpa daftari hata kabla ya chai.

“Mwalimu, mitufaha imechanua?”

“Bado. Labda wiki tatu.”

“Kuna ua lolote shambani?”

“Hapana. Theluji yenyewe haijaisha.”

“Basi hiyo chavua wameinunua dukani?”

Nililifungua tena daftari, nikayasoma maneno yangu.

“Halafu nyuki wangu hubeba chavua chini ya tumbo. Hawa wamebeba mgongoni. Umewafundisha upunda?”

Nilivaa miwani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa siku zote nne. Unga ule ulikuwa unatembea. Ulikuwa utitiri, ambao hula chavua aliyowekewa mtoto wa nyuki, huzaana ndani ya tete kuukuu, kisha humpanda nyuki anayetoka ili aupeleke kwenye kiota kipya.

“Wamekwisha wote?” niliuliza.

“Madume hutangulia kutoka. Majike wako ndani, nyuma kabisa. Lete kisu, acha kusimama kama umeitwa ubaoni.”

Tulipasua hadi jioni. Vyumba vingi vilikuwa vimejaa vumbi tupu, lakini vifukofuko vigumu tulivitoa kimoja kimoja tukaviosha katika beseni. Tuliokoa karibu robo. Bibi alipoanza kuyatia matete motoni, nilimshika mkono.

“Bibi, haya aliyakata marehemu!”

“Nani? Yeye alikuwa akiyachoma kila mwaka. Haya niliyakata mimi mwaka juzi.”

Maua yalipochanua, nyuki waliosalia walitosha miti ya upande wa juu wa shamba tu. Miti ya upande wa chini niliihudumia mwenyewe: siku sita juu ya ngazi, kijiti chenye manyoya mkononi, nikipaka chavua ua baada ya ua. Bibi alikaa chini, juu ya sanduku la matufaha.

“We nyuki mzee! Umeruka tawi zima!”

Nikalirudia tawi.

Miti yote ilishika matunda, ingawa ya upande wangu yalikuwa haba. Desemba bibi aliniletea fungu jipya la matete yaliyojaa, akaniwekea kisu juu ya meza, kisha akaketi.

“Chai, bibi?”

“Pasua kwanza,” alisema. “Nikiona.”