Nyumba ya Choo cha Ndani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu jikoni, natazama chini. Ni siku jirani yetu, Mzee Shabani, alipogonga geti langu na kuniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo nusu ya mtaa ilikuwa inalijua, mimi silijui. Nakusimulia leo, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu jana ulikaa hapa ukinionyesha kwenye simu picha za nyumba mnazotafuta wewe na mwenzako, na kila picha uliyoisifia ilikuwa ya sinki au ya vigae. Nikaingiwa na hofu.

Nami nilivipenda vigae. Mimi na mume wangu tulikuwa bado vijana, tunakaa nyumba ya kupanga hapa Singida mjini, yeye fundi wa magari, mimi nauza mafuta ya alizeti sokoni. Tulipojaliwa kufikia mahali pa kununua nyumba, dalali akatuonyesha mbili. Ya kwanza haikuwa hata na lipu. Ua wake ulikuwa mpana, choo na bafu viko nyuma, na pembeni kuna chumba cha uani chenye mlango wake. Mume wangu akauzunguka ua ule kimya, akaingia kile chumba, akatoka anatabasamu. Ya pili ilikuwa na vigae, dari nyeupe, geti jekundu, na choo ndani kabisa, kimepakana na sebule. Nikabonyeza, maji yakashuka kwa kishindo, nikacheka kama mtoto. Nyumba yenyewe ilikuwa imejaza kiwanja chote. Nyuma palibaki pa kupita mtu mmoja, na hapo ndipo lilipochimbwa shimo la maji machafu.

Mume wangu aliniuliza swali moja tu. "Baba akija atakaa wapi?"

"Si kuna chumba cha wageni?" nikamjibu. Nikaongeza, mdomo wangu huu, kwamba sikutoka Iguguno kuja mjini ili niendelee kukimbilia choo cha nje na mvua inanyesha.

Sasa elewa, mwanangu, maana nyie wa siku hizi mambo haya mnayasikia kwa mbali. Katika familia zetu kule Iguguno, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono, hawakai karibu karibu, na choo na bafu hawachangii kabisa. Mzee aingie bafuni akute kanga ya mkwewe imetundikwa? Afadhali alale njaa. Mimi nimezaliwa katika mila hiyo, nimelelewa nayo, siwezi kukwambia sikuijua. Nilidhani tu kwamba ukishahamia kwenye vigae, mila inabaki kijijini.

Basi tukanunua ile niliyoitaka. Nikawaalika wanawake wenzangu wa sokoni, nikawatembeza chumba kwa chumba, na chooni nikawaweka muda mrefu kuliko sebuleni. Niliringa, mwanangu, niliringa sana.

Haukupita muda mrefu baba mkwe akaugua figo. Mkewe alikuwa ameshafariki, naye akawa anaishi kijijini na alizeti zake na mbuzi wachache, mtu mrefu, mpole, asiyependa kumsumbua mtu. Mume wangu akamleta mjini atibiwe. Daktari akampa dawa na kumsisitiza anywe maji mengi kutwa nzima, la sivyo figo zitazidi kuharibika. Nikamtandikia mashuka mapya chumba cha wageni, nikawa namwekea jagi la maji ya kuchemsha kila asubuhi. Jioni nalikuta vilevile.

Nikamwuliza, macho yangu chini kama inavyotakiwa, "Baba, mbona hunywi maji?"

Akajibu akiwa ametazama dirishani, "Nitakunywa, mama."

Hakunywa. Akawa anachukua fimbo yake, anasema anakwenda kunyoosha miguu, na anarudi amechoka hoi. Uso ukaanza kumvimba. Hapo nilipaswa kujiuliza, lakini mimi nikakasirika. Nikamwambia mume wangu, kwa sauti ambayo ukuta wa chumba kile haukuweza kuizuia, kwamba baba yake ni mbishi, na kwamba watu wa shamba ukiwaletea uzima mkononi wanaukataa.  Nadhani mume wangu alishaelewa. Alikuwa amemwambia baba yake atumie tu choo cha ndani, hapa ni mjini, mzee akaitikia ili kumridhisha. Na mimi swali lake nilishalijibu siku ya dalali, akaona kulirudia ni kutafuta ugomvi.

Ndipo Mzee Shabani akaja. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mzima, hakuwa na desturi ya kuingilia mambo ya watu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kuingia.

"Mwanangu, nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu," alisema. "Baba yenu alikuwa anakwenda kujisaidia kule choo cha stendi. Nilimkuta njiani ameegemea ukuta, miguu imemwishia nguvu. Nikampa ufunguo wa choo changu cha uani. Lakini anaona haya kuja mara kwa mara. Ndiyo maana anajinyima maji."

Nilishika lile geti jekundu nikatamani ardhi ipasuke. Mzee mwenye mwana mjini, mwenye mkwe mjini, anaomba choo kwa watu baki. Na maneno yangu ya kumwita mbishi alikuwa ameyasikia yote.

Tulitaka kuchimba choo cha nje upesi. Tuchimbe wapi? Tulizunguka nyumba yetu tukitafuta mahali, hapakuwepo. Ikabidi Mzee Shabani atupe chumba chake cha uani, baba mkwe akahamia huko. Kwa hiyo nikawa navuka barabara na sufuria kichwani, mchana na jioni, kupeleka chakula cha mkwe wangu kwenye ua wa mtu mwingine, huku chumba changu cha wageni kimekaa kitupu. Majirani waliokaa barazani wakiniona wanaacha kuzungumza hadi nipite. Nilistahili.

Huko akanywa maji kwa raha zake. Uvimbe ukashuka, rangi ikarudi, daktari akamruhusu kurudi nyumbani. Siku anaondoka alimshika Mzee Shabani mikono yote miwili, akamwita ndugu yake. Kisha akanigeukia, akiwa amesimama kwa umbali uleule wa heshima.

"Asante sana kwa chakula, mama," akasema.

Hakuwa na kejeli hata kidogo. Alinishukuru kama unavyomshukuru jirani aliyeleta sahani, kwa kuwa kweli sikuwa nimempa kingine. Baadaye tuliiuza nyumba ile, tukapata hii yenye ua, na chumba cha uani tulikitengeneza kabla hatujahamia. Tukamwita aje akione. Akasema atakuja baada ya mavuno, na mavuno hayakumkuta.

Basi, mwanangu, ukienda kuangalia nyumba usiende na macho yako peke yako. Wachukue moyoni wazazi wako na wazazi wa mwenzako, uwapitishe mlangoni mmoja mmoja. Huyu ataoga wapi? Akitoka kuoga atapita mbele ya nani? Kama hujui, waulize kabla ya kununua, maana wenyewe hawatasema, wataogopa kukuharibia furaha yako. Na mwenzako akikuuliza swali, usiwe na haraka ya kumshinda. Vigae utavibandika hata ukizeeka, lakini ua ulioukosa siku ya kununua huna pa kuutoa.

Mungu awape nyumba ambayo wazee wenu wakiugua watauguzwa ndani yake bila haya, na wakipona, wawaage kama watoto wao. Amina.