Stesheni ya Kondoo

Mwaka ule sikutulia hata kidogo. Shule nimemaliza, kazi sina, na kitu pekee nilichokitaka ni kuigiza katika sosho, ule ukumbi wa mtaa wetu wa Makongeni. Baba, mfanyakazi wa reli, hakupenda binti yake aigize. Alisema atakuja kunitazama mara moja tu. Akiona ni upuzi, basi, nisikanyage tena huko.

Mchezo wenyewe tuliutoa kwenye filamu. Mwalimu mmoja Mzungu alituletea filamu ya zamani ya kwao Australia, nyeusi na nyeupe, nyimbo na vichekesho mwanzo mwisho. Alisema kabla ya kuwa filamu ilikuwa ikichezwa jukwaani, nami nikaona tunairudisha tu ilikotoka. Wale watu walisemea puani, na mashine ya kuonyeshea filamu ilinguruma kuwashinda, lakini mimi ndiye niliyejifanya najua Kiingereza, nikapewa kazi ya kutafsiri. Bwana mmoja mnene alifika mjini akijisifu kwamba ana stesheni, na stesheni yake imejaa kondoo. Sikuuliza. Mtoto wa reli aulize stesheni ni nini? Nikaandika: stesheni masta, kondoo wamevamia reli, treni haipiti. Nafasi ya stesheni masta nikajipa mwenyewe, na kofia, na bendera, na filimbi.

Tukafanya mazoezi wiki mbili. Jumamosi mchana watu wakajaa. Mwenzangu akachungulia pazia.

"Buda yako amekam," akaninong'oneza. "Ako mbele kabisa, na suti."

Nikatoka. Nikasema mistari yangu ya kwanza, ukumbi kimya. Nikasema mingine, mtu akapiga miayo. Hofu ikanitia wazimu. Nikaanza kutembea kama Baba, nikiburuta mguu wa kushoto alioumizwa na behewa, mkono kiunoni, nikikohoa kabla ya kila neno. Watu wa reli walimjua papo hapo. Walivunjika mbavu, wakapiga viti, wakataka tena, nami nikazidisha, maana kicheko kile kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe. Nilipotazama mbele, kiti cha Baba kilikuwa kitupu.

Mwalimu alikuja nyuma ya pazia akifuta machozi ya kucheka.

"Kwetu stesheni ni shamba la mifugo," akasema. "Shamba kubwa. Hakuna treni hata moja!"

Sijawahi kufurahia kosa namna ile. Nilikimbia hadi nyumbani na kofia kichwani, nikipanga maneno njiani. Hatukumcheka mtu wa reli. Ni neno tu nililikosea.

Baba alikuwa ameketi kitandani akifungua kamba za viatu. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: shamba, kondoo, Australia. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kumkatiza mtoto maneno.

"Sawa, mama," akasema. "Kwa hiyo yule bwana ni mfugaji."

"Ndiyo, Baba."

"Na ule mguu, ni wake?"

Nikavua kofia. Hakunikataza kuigiza. Niliigiza miaka minne zaidi, na hakuja tena kunitazama.