Safari ya Mikumi na Neno Nililogoma Kuandika

Nilikwenda Mikumi kwa sababu ya wivu, sina haja ya kuzunguka. Zuhura, rafiki yangu tangu tunakaa dawati moja darasa la tatu, aliandika "Sikupata" kwenye kopo langu, watu wote wakasoma. Wiki hiyohiyo akaandika kwenye kopo la mtu wa Mikumi: "Nimepata! Hili ndilo kopo tamu kuliko yote niliyowahi kutafuta." Kuliko yote. Na langu likiwemo!

Kwa ambao hamuujui huu mchezo, wenyewe wanauita geocaching, sisi huku Kilosa tunasema kutafuta makopo. Mtu anaficha kopo dogo mahali, ndani anaweka karatasi, halafu anaweka alama ya hapo mahali kwenye ramani ya simu. Wewe unafuata ramani. Ukilipata unaandika jina lako kwenye karatasi, unalirudisha palepale, kisha kwenye simu unabonyeza "Nimepata". Ukilikosa kuna kitufe kingine, "Sikupata". Hicho cha pili mimi nilikuwa sijawahi kukigusa. Niliona ni cha walioshindwa. Mchezo huu hakuna aliyenifundisha, niliusoma mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikamfundisha Zuhura. Mimi ndiye niliyemfundisha! Halafu yeye ndiye wa kuja kuniandikia Sikupata?

Nilimpigia. "We Zuhura, kopo langu umelikosaje?"

"Nimetafuta saa nzima, Mwaju. Sijaliona."

"Si ungenipigia? Kwa nini uniandike mbele za watu?"

"Pale ndipo pa kuandika. Nenda kaliangalie basi."

"Siendi! Kopo langu nalijua."

Nikakata simu. Zikapita siku nne hatujaongea, na dada yake nilipokutana naye njiani nikamwambia Zuhura ni mbaya wangu. Mjue kwamba mimi na Zuhura hatujawahi kumaliza siku mbili. Sokoni mtu akimsema Zuhura anagombana na mimi, hata kama Zuhura mwenyewe ndiye mwenye makosa. Sasa yule mtu niliyemgombania miaka yote ameenda kusifia kopo la mtu anayejiita Joy wa Mikumi. Nilimwona huyo Joy kichwani: msichana wa umri wetu, kucha ndefu, simu mpya. Nikapanga nikalipate kopo lake kwa dakika tano, niandike, "Rahisi mno. Nimeboreka." Zuhura asome.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Kilosa. Nikafunga trei nne za mayai nyuma ya pikipiki. Kazi yangu ndiyo hiyo, kusambaza mayai. Mama nilimwambia nampelekea shangazi mzigo wake Masanze, na kweli nilikuwa nampelekea. Ya Mikumi sikuyasema. Mfukoni nilikuwa na kopo tupu la vidonge, huwa natembea nalo la akiba.

Saa mbili kasoro, Masanze. Shangazi alikuwa anaanika ufuta uani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hayo mayai hayajavunjika na uso huo?"

"Uso una nini?"

"Umeinunia mpaka pikipiki. Kaa, unywe chai."

Nikamweleza yote, huku natafuna kiazi kwa hasira. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo wa Mikumi ni mwanamume?"

"Mwanamke, shangazi."

"Angekuwa mwanamume ningekuelewa. Kwa hiyo unakwenda Mikumi yote hiyo kutafuta kopo, ukilipata unaliacha?"

"Ndiyo."

"Haya. Ongeza kiazi, naona safari ni ndefu."

Kutoka Masanze kwenda mbele, njia ilikuwa kavu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mashamba ya mahindi yalishavunwa, mabua yamelala. Kabla ya kijiji cha Ulaya ng'ombe walikuwa wanavuka, nikazima pikipiki nikasubiri. Kijana anayewachunga alinipungia fimbo, mimi nikampungia. Sikuwa na ugomvi naye, ugomvi wangu wote nilikuwa nautunzia Mikumi.

Saa nne na nusu, Mikumi. Malori yamepanga mstari pembeni ya lami, madereva wanapiga mswaki. Ramani ikanipeleka mpaka sehemu wanapopumzika. Joy alikuwa ameandika dokezo moja tu: "Usiwe na haraka." Nikaona ananitukana.

Dakika tano zikaisha. Nusu saa ikaisha. Nilipapasa kila kitu kinachopapasika. Adabu ya mchezo ni kwamba wapita njia wasijue unatafuta nini, wasije wakalichukua. Dereva mmoja akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?"

"Hereni."

"Ya dhahabu?"

Hapo ndipo nilipokosea, nikasema ndiyo. Dakika hiyohiyo wanaume wanne wakawa wameinama, wanageuza mawe, wanapeana zamu. Mmoja aliniletea kifuniko cha soda. Mwingine akaniangalia masikioni, akasema, "Mbona zote mbili unazo?"

"Ni ya mdogo wangu," nikasema. Waliendelea kutafuta, Mungu awabariki, mpaka utingo akaja kuwaita.

Saa sita. Jua la utosi. Saa moja na nusu nzima na sijaona kitu. Mtu mwenye akili zake angebonyeza Sikupata akaenda kula. Mimi nikamwona Zuhura anaisoma, anacheka na huyo Joy wake. Nikajiambia, mimi nikikosa kopo maana yake kopo halipo. Nikatoa lile tupu la vidonge, nikaweka kikaratasi, nikaandika jina langu juu kabisa, nikalichomeka kwenye tundu la ukuta. Nikabonyeza: "Nimepata. Kopo la mwenyewe lilipotea, nimemsaidia kuweka jingine. Makopo yanatunzwa jamani."

Wenzangu watafutaji, najua mmeguna. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba limepotea. Nilikuwa na hasira tu.

Dakika kumi baadaye nikiwa nakunywa maji, akaja mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, aproni imejaa unga, simu mkononi.

"Wewe ndiye Mwaju?"

Nilitaka kusema "mambo", kwa jinsi nilivyojipanga kwa yule msichana wa kucha. Ikatoka, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Joy. Mama Joyce. Napika gesti ile pale. Simu imelia nikaacha chapati kwenye moto. Limepotea kweli?"

Nikatazama lile tundu la ukuta. Akasogea hatua mbili, akanyoosha mkono, akatoka na kopo. Sitawaambia alilitoa wapi, kwa sababu bado lipo na ninyi mtakwenda. Niseme tu kwamba mkono wangu ulipita hapo mara tatu.

"Lipo," akasema. Hakunicheka, ingekuwa nafuu angecheka. "Sasa nina makopo mawili. Anayekuja kesho atapata lipi? Atapata lako, aende zake, na langu likae hapa halina mtu. Ungeandika tu Sikupata."

"Naona aibu, mama."

"Aibu ya nini? Mbona rafiki yako kaniandikia mara mbili?"

"Nani?"

"Zuhura."

Nikafungua ukurasa wa kopo lile, nikashuka chini. Mimi nilikuwa nimesoma ile sifa ya juu tu, roho ikaungua, nikafunga. Huko chini kulikuwa na Sikupata ya Zuhura, na chini yake nyingine. Ya kwanza: "Nimetafuta dakika arobaini, mvua imenifukuza. Sidhani limepotea, ni macho yangu." Ya pili: "Nimetafuta saa nzima, hali ya hewa nzuri, waliotangulia walilipata haraka. Mama, naomba uliangalie."

"Ile ya kwanza nikakaa na amani," Mama Joyce akasema. "Ya pili nikaja mbio, nikakuta kweli limedondoka. Kaeleza katafuta muda gani, hakutaja pa kufichia, hakunilaumu, hakusema limeibiwa. Aliporudi akalipata, ndiyo akaandika sifa zile. Nilimuuliza nani kamfundisha mchezo. Akasema rafiki yake, ana hasira kama siafu, lakini ndiye kamfundisha kila kitu."

Sikujua niweke wapi uso. Na bado wivu ulikuwepo, tena umeongezeka. Walikuwa wananiongelea! Wanakaa, wanakula chapati, wananiongelea!

Nikang'oa kopo langu la vidonge ukutani. Nikafuta nilichoandika. Mama Joyce akanipa kalamu. "Umeshaliona, weka jina."

"Hapana. Umenionyesha wewe."

Nikabonyeza kile kitufe kwa mara ya kwanza: "Sikupata. Saa moja na nusu, jua kali. Kopo lipo, mwenyewe amethibitisha. Nilikuwa na haraka."

Alinilisha chapati. Zilikuwa tamu, jambo lililoniudhi.

Saa kumi jioni, Kilosa. Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kiwanja cha mpira, kwenye ua wa michongoma nilikoficha langu. Ua ulikuwa umefyekwa mpaka kwenye shina, na majani mapya yameshaanza kuota. Kwa hiyo ni siku nyingi. Kopo hakuna, karatasi hakuna, hata uzi niliolifungia hakuna.

Nikasimama pale nikaandika kwenye grupu letu la watafutaji: "Nani mwingine alilikosa la kwangu?"

Wakajibu mmoja mmoja. Karibu grupu zima. Wamekwenda, wamekosa, wamerudi kimya.

"Mbona hamkuandika?"

"Tuliogopa utatugombeza," mmoja akasema. Wengine wakaweka kidole gumba.

Nikaenda kwa Zuhura. Alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Kopo langu halipo," nikasema.

"Najua."

"Nilikwenda Mikumi."

"Najua. Mama Joyce kanipigia." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Siku nne, Mwaju. Siku nne hunipigii, kisa kopo."

"Nisamehe."

"Uliniita mbaya wako mbele ya dada yangu."

"Nisamehe, Zuhu. Nitamwambia na yeye."

Akatoa jiwe jingine, akalitupa. Halafu akasogea kidogo kwenye mkeka, nikapata pa kukaa.

Hivyo nilichokwenda kujifunza Mikumi ni hiki: ukikosa kopo la mwenzio, andika. Sema ulitafuta muda gani, usimlaumu, na usiweke la kwako mahali pake. Ukiandikiwa wewe, nyanyuka ukaangalie, maana aliyekuandikia amekubali kubeba hasira zako ili kopo lako lipone. Wivu wangu haujaisha, nisiwadanganye. Zuhura akimtaja Mama Joyce bado roho inachoma. Ila siku hizi sikati simu wala siwashi pikipiki. Namwambia tu, "Zuhu, inanichoma."

Na yeye ananiambia, "Sogea huko, unaniwekea kivuli kwenye mchele."