Nilimkana Shemeji Yangu Mbele ya Swala

Bwana ahimidiwe, aliyenifikisha umri huu na macho yangu bado yanasoma Neno lake. Kila asubuhi namshukuru kwa pumzi, kwa mvua ikija na kwa mvua ikikawia. Nimejaliwa mengi ambayo sikustahili.

Ndugu msomaji, usinione mwema kwa maneno hayo. Nilimtenda vibaya mtu aliyeniamini, na kosa ni langu. Shetani hakunisukuma. Nilijua ninachofanya!

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Bariadi. Jina langu liache. Ninayetaka umjue ni shemeji yangu, Masunga, aliyemwoa dada yangu Minza, wakaishi kule Nkoma wakilima pamba na kufuga. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mwingi, na alikuwa akiiogopa serikali kama watu wengi wasiosoma wanavyoiogopa. Akiona mtu amevaa kofia ya kazi, anavua ya kwake.

Masunga alishika mambo ya wazee wake. Uani kwake kulikuwa na kijumba cha mizimu. Miaka mingi nilikaa naye nikimsomea Injili, sikumlazimisha. Mwaka ule, ule ambao wafanyabiashara binafsi walianza kuja na mizani zao kununua pamba vijijini, aliniambia mwenyewe, "Shemeji, nimechoka kumsikia huyu Yesu kwa mdomo wako. Nataka nimjue." Akakibomoa kile kijumba kwa mikono yake. Ubatizo wake ukapangwa Jumapili ya mavuno.

Nilifurahi mno! Nikaahidi mbele ya kanisa kwamba nyama ya sherehe itatoka kwangu, nyama ya swala, kwa kuwa msimu wa kuwinda ulikuwa umefunguliwa. Ahadi ile ilikuwa na kiburi ndani yake. Nilitaka watu waseme, mzee fulani amemleta mtu kwa Bwana, na karamu ameleta yeye.

Mimi na Masunga tulikuwa na magobore, yote yameandikishwa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nilikwenda Mwanhuzi kutukatia leseni wote wawili. Yule bwana nyamapori alikuwa mtu mwema. Alinieleza mara mbili.

"Mzee wangu, mwaka huu mambo yamebadilika. Leseni hii mwisho wake ni lile korongo. Upande wa huku mtapiga swala wenu kwa amani. Ng'ambo sasa ni kitalu cha kampuni, wanakuja wageni kuwinda. Mwananchi haruhusiwi hata na leseni."

"Lakini ng'ambo ndiko tulikowinda na baba zetu," nikamwambia.

"Najua. Swala ni yule yule, nyasi ni zile zile. Sheria ndiyo si ile ile. Mwambie na mwenzako."

Nikaitikia. Nikapanda baiskeli nikarudi.

Mwenzangu sikumwambia! Nilimpa leseni yake, nikamwambia kila kitu kiko sawa. Nilijua tabia yake. Angesikia neno kampuni, asingekanyaga karibu na lile korongo. Na upande wetu ng'ombe walikuwa wamemaliza majani, swala wote walikuwa ng'ambo, kwenye majani mabichi yaliyoota baada ya moto.

Tulitoka alfajiri. Upande wa leseni hatukuona hata digidigi. Jua lilipokuwa kali tulifika korongoni. Masunga akasimama.

"Shemeji, tunavuka?"

"Tunavuka. Wewe umeanza lini kuuliza njia ya kwenu?"

Akacheka, akatangulia kushuka. Mungu wangu!

Tuliwakuta swala pala wakila. Tukapiga karibu kwa pamoja, dume moja likaanguka. Tukakimbia hadi pale na ubishi ukaanza, ule ubishi wa wawindaji.

"Huyu wangu," nikasema.

"Wako wapi! Gobore lako limeokoka, haliui tena. Huyu ni wangu!"

"Masunga, acha utani. Tazama risasi ilikoingilia."

"Nimeangalia. Imeingia upande wa mpagani."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Ndicho kicheko chetu cha mwisho pamoja. Hatukusikia gari.

Askari walikuwa watatu. Mkubwa wao hakupiga kelele. Alitazama mzoga, akatazama magobore, akauliza, "Nani amempiga huyu?"

Ndugu yangu unayesoma, muda ulikuwepo. Ningeweza kusema, ni sisi wote. Ningeweza kusema, mimi ndiye niliyeambiwa mpaka, huyu hajui. Badala yake niliiona Jumapili ya mavuno, nikauona uzee wangu wa kanisa, nikajiona nimefungwa pingu.

Nikasema, "Ni wake, afande. Muulize mwenyewe. Mimi nilivuka kumrudisha."

Nilimkana! Damu ya swala bado ilikuwa ikitoka.

Masunga alinigeukia. Akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu, askari wasielewe, "Shemeji, ulijua?"

Nikatazama chini.

Kwetu, mwindaji akishasema mnyama ni wake, hamkani mzoga ukiwa mbele yake. Ni aibu kuliko kumkana mtoto. Masunga akavua kofia, akamwambia askari, "Ndiyo, bwana mkubwa. Ni wangu." Wakampandisha garini pamoja na swala. Mimi leseni yangu waliisoma, wakanirudishia, wakanivusha korongo kwa miguu yangu.

Mahakamani sikuitwa, nami sikujitokeza. Walimpa kifungo. Jumapili ya mavuno niliwaambia washirika kwamba ndugu yetu ameanguka majaribuni, tumwombee. Wakaomba! Na mimi nikafumba macho nikaitikia amina.

Msimu ule Minza alilima peke yake na watoto. Pamba aliyopanda ilikuwa kidogo, na palizi ilimshinda. Nilipeleka mahindi. Aliyapokea kwa mikono miwili, akasema asante kaka. Wanawe walianza kuitwa watoto wa jangili, kisimani na shuleni.

Masunga alirudi amekonda na kikohozi. Alinisalimia vizuri, "Mwangaluka, shemeji," kama asubuhi yoyote. Hakunilaumu. Nilipomwambia darasa la ubatizo linaanza upya, alitikisa kichwa.

"Mungu wako ni mkubwa sana, shemeji. Mimi simuwezi."

Akakijenga tena kijumba chake. Nikaona, nikapita. Nikajifariji kwamba amerudi nyuma kama wengine wanavyorudi. Miaka ikapita namna hiyo, mimi nikihubiri ukweli, hadi kikohozi kikammaliza. Alikufa bila kubatizwa. Msibani waliponiomba niongoze sala, Minza alisema mbele ya watu, bila hasira, "Kaka, wewe kaa."

Hapo ndipo moyo ulipopasuka. Matanga yalipokwisha nilikwenda kwake, nikapiga magoti, nikaanza kueleza habari za korongo. Alinikatiza.

"Najua. Aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kumwona gerezani."

"Mbona hukuniuliza, dada yangu?"

"Alinikataza. Alisema, mwache, ni mtu wa Mungu, atakuja mwenyewe." Akafuta mikono kwenye khanga. "Alikungoja, kaka. Hata siku zile za mwisho, mbwa akibweka, alikuwa akiniambia nitazame nje kama ni wewe."



Nilikwenda kanisani nikakiri. Walinisamehe kabla sijamaliza kusema, wakaimba, wakanishika mkono. Nawashukuru. Lakini ndani ya jengo lile hapakuwa na mtu hata mmoja niliyemkosea. Niliowakosea walikuwa Nkoma, na kanisani hawakuwa wakija tena, kwa sababu yangu.

Basi nikaenda Nkoma. Mtoto mkubwa wa Masunga sasa ana familia yake. Nilimweleza yote, nimesimama uani kwake.

Akauliza, "Mjomba, baba alikuwa anajua mpaka?"

"Hakujua."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akawaita watoto wake, wakaja mbio kutoka kwenye zizi. Akawaambia, "Mmesikia? Babu yenu hakuwa jangili. Kamwambieni na bibi kwamba limesemwa." Kisha akanigeukia kwa heshima zote. "Asante kwa kuja, mjomba. Jua linazama, usichelewe njiani."

Wasukuma wanaosoma haya wanaelewa. Mjomba haondoki kwa mpwa wake bila kula. Mimi niliondoka. Moshi wa jiko niliuona, na harufu ya ugali niliisikia hadi barabarani.

Nawaonya mlio na sauti mbele za watu, mnaosoma kwa niaba ya wasiosoma, mnaotumwa ofisini na majirani zenu. Mkiambiwa neno, lifikisheni lote! Anayekuamini anatembea kwa macho yako. Na ukimkosea mtu, nenda kwake angali hai. Usiende kwanza kwa Mungu ukajificha humo. Mungu alinivumilia, naye Masunga alinivumilia. Kati yao wawili, mmoja tu ndiye aliyekuwa na siku za kuhesabu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde uingiapo na utokapo. Akupe ulimi ulio mwepesi kwa kweli, na kama yuko mtu anayekungoja, akufikishe kwake leo. Amina.