Utani wa Babu Ulivyofika Ufini

Jamani, hili jambo nimelificha muda mrefu na hata sasa nikilisimulia masikio yananiwaka, lakini juzi kwenye mafunzo ya walimu mtoa mada alituuliza nani kati yetu aliwahi kutumia blogu na mitandao kujifunzia, wenzangu wakaanza kutaja mambo ya majuzi, mimi nikainama nikatazama meza. Nilikuwa na blogu kabla neno lenyewe halijafika Kahama. Na nusura impeleke babu yangu mahabusu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nipo kidato cha tatu, naishi Nyahanga na Babu Masunga, baba wa mama yangu, aliyenilea tangu bibi yupo hai. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Bernadeta, alikuwa na urafiki wa barua na mwalimu mwenzake wa Ufini, na huyo wa Ufini akatutengenezea kitu ambacho mpaka leo siwezi kukieleza bila kusisimka: kila mwanafunzi alipewa ukurasa wake kwenye mtandao, unaandika habari zako, na chini yake mtu yeyote duniani anaweza kuweka maneno yake. Kompyuta ilikuwa moja, nyuma ya duka la Mzee Hasmukh, mle mle alimouzia sururu na pampu za maji wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, na kila Alhamisi tulipenya katikati ya wanaume wenye vumbi la mashimo, sisi na sare zetu, tukasimama mbele ya kile kioo kama watu walioitwa kuona mtoto mchanga. Simu iliyounganishwa na kompyuta inalia, inakoroma, inanyamaza, halafu ukurasa unashuka taratibu, mstari kwa mstari. Nilikuwa naogopa hata kupumua.

Sasa tamaa. Mara ya kwanza niliandika kuhusu pamba, kwamba ni zao la biashara mkoani kwetu (nilinakili kwenye daftari la jiografia), na chini yake hakuna aliyeweka neno. Mwenzangu Nkwimba aliandika kuhusu mbwa wao, akajibiwa na watu wa nchi tofauti tofauti, akawa anatembea shuleni kwa mwendo mpya. Nikasema sikubali, nami nitaandika ya nyumbani. Nikamwandika babu.

Hebu niambieni, babu na mjukuu watafanya nini kama si kutaniana? Kwetu siku ilianza hivyo. Nikishampa shikamoo yake naye akaitikia, ananiita mke wake, analalamika kwamba nampikia ugali mbichi ili afe mapema, kisha ananitangazia kwamba ameshapokea ng'ombe kwa mzee mmoja wa Geita asiye na meno, na wenye mali wanakuja Jumamosi kunichukua. Namjibu sawa, ila nitakuzika kwanza, tena ukiwa mzima. Anacheka mpaka anakohoa, nami naenda shule nikiwa na furaha yangu. Haya yote niliyapanga kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kavu kavu, wala sikuandika popote kwamba ni utani, kwa sababu nilidhani hakuna mtu chini ya jua asiyejua babu ni mtani.

Alhamisi iliyofuata nilikuta majibu yamejaa mpaka kioo kikawa hakitoshi. Ufini, Kanada, Australia, watu ambao sijawahi kuwaona wala sitawaona, wote wananiandikia mimi, Minza wa Nyahanga. Kiingereza chao kilinizidi, nilichokamata ni kwamba wananisifu kwa ujasiri (nikajua wamependa ile ya kumzika babu). Msichana mmoja wa Ufini, Kaisa, aliuliza kama hiyo Jumamosi ni ya wiki hii. Mwalimu Bernadeta alikuwa mgonjwa nyumbani, hakuna wa kunisomea, basi nikajibu mwenyewe kwa mbwembwe: ndiyo, Jumamosi hii, na kila Jumamosi.

Jumamosi babu amekaa nje anachonga mpini wa jembe, mimi nachambua mchicha, gari la misheni likaingia mpaka uani. Akashuka Sista mmoja Mzungu, akashuka mama afisa ustawi wa jamii, akashuka konstebo, na mwisho Mwalimu Bernadeta, amejifunga kitenge juu ya gauni la kulalia, hanitazami. Majirani hawakuhitaji mwaliko, walijaa mara moja. Mkononi mwa Sista kulikuwa na karatasi ambayo yule mwalimu wa Ufini aliituma misheni kwa faksi, nikayaona maneno yangu. Yametoka nyuma ya duka la Mzee Hasmukh, yamefika kwenye theluji, yamerudi na gari na polisi. Niliogopa, na katikati ya woga ule ule nikawa nastaajabu, maana hata msiba haukuwahi kukusanya watu wa mbali namna ile.

Afisa alimwamkia babu kwa heshima, akamuuliza pole pole kama ni kweli amepokea ng'ombe kwa ajili yangu. Simlaumu, maana mabinti wa kutolewa shule kwa ng'ombe walikuwepo kweli, hata darasani kwetu kulikuwa na madawati yaliyobaki wazi. Lakini babu aliona watu wengi, akaniona mimi nimesimama, akadhani nimewaleta kumchokoza.

"Mmechelewa," akasema. "Nimeshamuuza. Na mwenye mali ndiye huyo mwenye kofia, kaja na gari kabisa."

Majirani wakacheka, konstebo akavuta kofia chini kuficha mdomo. Sista hakucheka. Alinikumbatia akaanza kulia, nami nikasema ni utani, ni utani tu, lakini uso wangu ulikuwa umebanwa kifuani kwake, hakuna aliyenisikia. Afisa naye uso ulibadilika, akamwambia babu kwamba hili si la mchezo, atapanda gari aende kituoni, ila kwanza aonyeshe ng'ombe wako wapi.

Nyahanga nzima ilijua zizi la babu lilikuwa tupu tangu ukame wa miaka ya nyuma, miiba ya ua imeanguka na ndani yameota majani, na hakuna jirani aliyewahi kulitaja mbele yake, kwa adabu tu. Babu aliinuka na mpini wake, akawapeleka. Wageni wakachungulia, majirani wakachungulia, mwisho hata mimi.

"Ng'ombe sina," akasema kwa sauti ndogo. "Waliisha. Nimebaki na huyu tu. Nikimuuza nabaki na nani?"

Afisa aliikunja ile karatasi, akamwamkia tena upya, shikamoo mzee, na safari hii alipiga goti. Waliondoka. Babu hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu kesho yake nilimpa shikamoo akaitikia marahaba na hakuongeza neno. Hakuna mke, hakuna mzee wa Geita. Tukawa tunakula ugali tunatazama sahani, nikaona nimemwua babu nikiwa namtazama.

Alhamisi akavaa koti lake la kanisani, akasema anataka kupaona mahali alipouzwa yeye. Mzee Hasmukh alimpa kiti. Ukurasa ukashuka, Mwalimu Bernadeta akasoma kwa Kiswahili. Alikuwa ameshawaeleza kule kwamba huu ni utani wa babu na mjukuu, na Kaisa akawa amejibu kwamba amefurahi, ila yeye hana babu, wote wawili walikufa hajazaliwa, na hajui ladha ya kutaniwa hivyo. Akauliza kama Babu Masunga anaweza kumuuza na yeye.

Babu aligusa kioo kwa kidole, pale lilipoandikwa jina lake mwenyewe. Akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Mwandikie namuoa mimi, huyu wa hapa ugali wake utaniua. Ila aje na jembe lake."

Nikaandika, nikatuma. Tangu siku ile sijaweka utani wa mtu mtandaoni bila kumwuliza kwanza, na leo wanafunzi wangu wakifungua blogu zao nawaambia neno moja tu: andika ukijua wapo watakaokuamini.