Mama Alisema Maji ni ya Baridi

Tulipobomoa nyumba yetu ya Igogo, Mwanza, ili kuijenga upya, kaka yangu alileta trela la kulala, aina ile ambayo watalii huiburuta nyuma ya gari. Alilinunua kwa wageni wawili waliokuwa wamemaliza safari zao na hawakutaka kurudi nalo kwao. Lilikuwa na vitanda viwili, jiko, na bafu dogo lenye hita ya gesi. Tuliliegesha uani, tukavuta bomba kutoka kwenye tenki jeusi lililo juu ya jiwe nyuma ya kiwanja, na mama akahamia humo pamoja nami.

Mama alikuwa ametoka kupata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vizito na maneno yalimtoka polepole, lakini akili yake ilikuwa ileile ya mwanamke aliyeuza vitenge sokoni kwa miaka mingi bila kukosea kipimo. Daktari alisema aoge maji ya moto ili viungo visikakamae. Ndiyo maana kaka aliitaja hita ile kabla hata ya vitanda.

Siku ya tatu, niliporudi kutoka shuleni ninakofundisha, mama aliniambia, "Yale maji ni ya baridi."

Ilikuwa saa nane mchana. Niliingia bafuni, nikafungua koki yenye alama nyekundu. Maji yalitoka yana joto.

"Mbona yako sawa, mama?"

"Alfajiri ni ya baridi."

Alikuwa akiamka kabla yangu kutia udhu, na hakutaka mtu amshike. Kesho yake alisema tena. Mchana kaka akapita, akaweka mkono chini ya koki, kisha akanivuta pembeni, lakini si mbali kiasi cha mama kutosikia.

"Upande wake ule hauhisi kitu," alisema. "Mzoee tu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Kila ninapoisimulia habari hii kwa hasira, hasira yangu ya kwanza inaniangukia mimi mwenyewe, kwa sababu ya kile kichwa nilichokitikisa. Mama alitutazama wote wawili, na tangu hapo hakusema tena juu ya maji.

Wiki moja baadaye shule zilifungwa. Alfajiri ya kwanza ya likizo nilisikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu bafuni. Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda, anatetemeka, anajimwagia maji kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto, ule mzima. Niliweka mkono wangu. Yalikuwa maji ya kuumiza mifupa. Wiki nzima alikuwa akiyapima kwa mkono usio na ugonjwa wowote, na hakuna aliyemuuliza ni mkono gani.

Nilimpigia fundi aliyeiunganisha hita na bomba letu la maji. Nikamwomba aje alfajiri. Akaja saa sita mchana, jua limeshika jiwe. Alifungua koki, akacheka kidogo.

"Haya si moto haya, mwalimu?"

"Nilikuambia uje alfajiri."

"Hita haina alfajiri wala jioni." Akafungua kifuniko cha nje, akanionyesha moto wa gesi unawaka wa buluu. Akagonga tangi la hita. "Hili linachemka. Hita ni nzima. Wazee damu yao imepoa, ndivyo walivyo."

Mama alikuwa ameketi mlangoni, hatua tatu kutoka alipokuwa fundi. Hakumwamkia alipoingia, na sasa alimsema kana kwamba ni kiti. Nilipomuuliza kwa nini basi alfajiri maji ni baridi, aliniuliza kama kaka yupo, ili aongee naye. Nikamwambia aongee na mimi. Akasema atabadilisha kifaa cha kupimia joto, akakibadilisha, akaondoka. Kesho yake alfajiri maji yakawa yaleyale.

Nilikaa kwenye ngazi ya trela nimeshika kichwa. Mama akaniambia, "Acha kukaa. Washa hita, halafu shika mabomba. Moja moja. Usiruke."

Nikafanya hivyo. Jua lilikuwa halijatoka. Nilisubiri hita ipate moto, mama akafungua koki ya bafuni, nami nikalala chini ya kitanda ambako mabomba yanapita. Bomba la kuingia kwenye hita, baridi. La kutoka, moto, nikaondoa mkono upesi. Nikalifuata hilo la moto. Shibiri mbili mbele lilikutana na bomba fupi, na baada ya hapo likawa baridi tena.

"Limepoa ghafla," nilisema.

"Basi kuna kinachoingia hapo. Tafuta."

Kwenye lile bomba fupi kulikuwa na koki ndogo ya plastiki, imefunguliwa. Maji ya baridi yalikuwa yakipita humo, yanaikwepa hita, yanakwenda kumwagika juu ya yale ya moto. Baadaye nilisoma kwenye kijitabu cha trela kwamba koki hiyo iliwekwa kwa ajili ya nchi za barafu, ili hita iweze kuachwa tupu wakati wa baridi kali, maji yasije yakaganda ndani na kuipasua. Na mchana kila mtu aliyapata moto kwa sababu tenki letu jeusi na bomba lake lililolala juu ya jiwe vilikuwa vimechomwa na jua. Tulikuwa tukilipima jua la Mwanza na kumwambia mama ni hita.

Nilifunga koki. Maji ya bafuni yakapata moto, nikamsikia mama akisema taratibu, "Ehe."

Fundi nilipompigia alisema koki hiyo kwa kawaida haiguswi. Nilimwambia iliguswa na fundi aliyeunganisha hita, na kwamba siku akikanyaga tena uani kwetu aanze kwa kusema shikamoo kwa mwenye nyumba. Akakata simu.

Kaka alikuja Jumapili alfajiri, akanawa, akasema, "Afadhali fundi amelimaliza tatizo la maji."

"Fundi hakumaliza kitu," nilisema. "Mama ndiye aliyejua, tangu siku ya tatu. Wewe na mimi tulisema hahisi."

Kaka alitazama chini. Akamgeukia mama, akaanza kusema hakukusudia, mama akamkatisha kwa kumtuma ampelekee kuni jirani aliyekuwa na shughuli. Alipotoka nikapiga magoti mbele ya mama, nikamwomba radhi.

"Nimesikia," mama alisema. Hakusema amesamehe, nami sikumsukuma. Akanipa kitana kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa nimchane nywele, ambazo bado zilikuwa na maji.